Kwa Nini Boga Hupukutisha Maua na Msonobari Hauzai Tunda

Katika bustani ndogo zilizo nyuma ya nyumba za askari, malalamiko mawili husikika kila msimu wa mvua. La kwanza ni la akina mama. Maboga yametambaa yakafunika ardhi, maua ya manjano yamechanua kwa wingi, lakini kila siku maua hayo huokotwa chini yakiwa yamenyauka, na hakuna boga hata moja lililoshika. La pili ni la afande anayekaribia kustaafu, ambaye ameokota gunia zima la koni chini ya misonobari ya kando ya barabara, akazikung'uta, akasia mbegu alizozipata, na baada ya kungoja mwezi mzima akaambulia miche ya kuhesabika. Mama husema bustani imerogwa. Afande husema udongo ni mbaya.

Bustani haikurogwa wala udongo hauna kosa. Malalamiko yote mawili yana mzizi mmoja, nao ni namna mimea inavyooa na kuolewa. Boga lina desturi yake, msonobari una yake, na mwenye shamba asiyezijua desturi hizo hupoteza msimu mzima kwa jambo ambalo lingerekebishwa kwa asubuhi moja.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mimea itoayo mbegu imegawanyika katika koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza ni ule wa mimea yenye maua. Huu ni mkubwa kupita kiasi, maana aina zake zinazojulikana hufikia kama 300,000, na humo mna mahindi, maharagwe, mibuni, migomba, miembe, na hata magugu tunayoyapalilia kwa jasho. Ukoo wa pili ni ule wa mimea ya koni pamoja na jamaa zake, wenye aina zipatazo 1,000 tu. Humo mna msonobari, ambao wengi wetu huuita paini, mna msipresi unaopandwa kuzunguka nyua, mtarakwa wa milimani, mti wa podo, na mmea wa ajabu uitwao sikadi ambao tutauzungumzia baadaye. Ukoo huu mdogo ndio mkongwe. Mimea ya mbegu zisizofunikwa ilikuwapo duniani zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ilhali mabaki ya kale zaidi ya maua yaliyothibitishwa yana umri wa kiasi cha miaka milioni 130.

Katika koo zote mbili kuna uume na uke. Upande wa kiume hutoa chavua, yaani ule unga mwembamba, aghalabu wa manjano, unaobaki kidoleni tukigusa ua. Upande wa kike una yai lililomo ndani ya kijifuko, na kijifuko hicho ndicho kitakachokuwa mbegu. Tofauti iko mahali kijifuko kilipowekwa. Ndani ya ua, vijifuko vimo katika chumba kilichofungwa pande zote, ambacho wataalamu hukiita ovari. Chumba hicho ndicho kinachovimba na kugeuka tunda: ganda la harage ni ovari, nyama ya embe ni ovari, na boga zima tunalolipasua kwa panga nalo ni ovari. Katika koni hakuna chumba. Kijifuko hukaa juu ya gamba, wazi, mithili ya sahani iliyowekwa juu ya rafu. Kwa sababu hiyo msonobari hauzai tunda hata ukitunzwa namna gani. Hauna kitu cha kugeuka tunda.

Boga na wajumbe wake

Turudi sasa kwa mama mwenye maboga. Mmea mmoja wa boga huzaa maua ya aina mbili, dume na jike, na kwa kawaida madume hutangulia kwa siku kadhaa, pengine zaidi ya wiki. Maua anayoyaokota mama katika siku hizo za kwanza ni madume yaliyomaliza kazi yao, ambayo hayakuumbwa kushika boga. Kuyatambua ni rahisi. Tazama chini ya ua, mahali linapoungana na kikonyo. Jike lina kiboga kidogo cha duara kama gololi. Dume lina kikonyo kirefu chembamba, basi.

Majike yanapoanza kutokea, hapo ndipo taabu ya kweli huweza kuingia. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, wala halifunguki tena. Katika saa hizo chache chavua ya dume sharti ifike kwa jike. Chavua ya boga ni nzito na ya kunata, hata upepo hauwezi kuichukua, hivyo lazima abebe mdudu, na mjumbe mkuu ni nyuki. Ikiwa nyuki hawakuja, kile kiboga kidogo hugeuka manjano, huoza ncha na kuanguka. Wakija wachache, chavua haitoshi, na boga hukua likiwa limepinda upande mmoja, kwa kuwa upande usio na mbegu haukunenepa.

Hapa inafaa tuseme wazi jambo linalofanywa na wengi bila kukusudia ubaya. Mtu huamka mapema, huchukua bomba la dawa ya wadudu na kunyunyizia bustani wakati wa baridi ya asubuhi ili asichomwe na jua. Saa hiyo ndiyo maua yamefunguka na nyuki wamo ndani. Anayenyunyiza wakati huo huua mende wanaotoboa majani na kuwaua pia wajumbe wa arusi. Ikibidi dawa itumike, itumike jioni, maua yakiwa yamefumba na nyuki wamerudi mzingani, na hata hivyo maagizo yaliyoandikwa kwenye chupa yafuatwe.

Mama ambaye eneo lake halina nyuki anaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Achume ua dume lililofunguka asubuhi hiyo, aondoe petali zake, kisha ile mbelewele yenye unga iliyobaki katikati aipakaze taratibu katikati ya ua jike, kila upande. Ua moja dume latosha majike mawili au matatu. Mtoto wa miaka minane aweza kufundishwa, na wengi huipenda kazi hii kuliko kuteka maji.

Asidhani mtu kwamba kuuchavusha mmea kwa mkono ni mchezo wa watoto tu. Biashara nzima ya vanila imesimama juu ya kazi hiyo. Mvanila ni mmea wa Mexico na nchi jirani zake, na ulipopelekwa nchi nyingine ulichanua lakini haukuzaa, kwa sababu wadudu wa kwao hawakusafiri pamoja nao. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa mwenye umri wa miaka 12 aliyeitwa Edmond Albius aligundua namna ya kuinua kile kijiwambo kinachotenganisha dume na jike ndani ya ua la vanila kwa kijiti chembamba, na kuvikutanisha kwa kidole gumba. Njia hiyo ndiyo inayotumika hata leo, ua kwa ua, kila asubuhi ya msimu, katika mashamba ya Mukono, Bundibugyo na kwingineko nchini Uganda. Ua la vanila nalo hudumu siku moja tu, na mkulima aliyelala hadi saa nane mchana amelipoteza.

Mahindi hayamngoji nyuki

Si kila chenye ua hutegemea mdudu. Mhindi ni mmea wa maua kamili, lakini mchukuzi wake ni upepo. Lile shada la juu ni dume. Zile nywele zinazotokeza kwenye kibunzi ni jike. Na hapa kuna jambo ambalo wengi waliolima maisha yao yote hawajapata kuambiwa: kila unywele mmoja umeungana na punje moja. Chembe ya chavua ikitua juu ya unywele, huotesha mrija mwembamba sana unaopita ndani ya unywele huo, pengine urefu wa sentimita 20 au zaidi, hadi kulifikia yai, na safari hiyo humalizika kwa muda wa siku moja hivi. Unywele usiopata chavua hautoi punje. Muhindi wenye mapengo, unaofanana na kinywa cha mzee, ni hesabu ya nywele zilizokosa mume.

Sababu za mapengo ni mbili hasa. Ya kwanza ni ukame wakati wa kuchanua: nywele huchelewa kutoka, na zinapotoka shada la juu limekwisha kumwaga unga wake. Ya pili ni namna ya kupanda. Mtu apandaye mahindi katika mstari mmoja mrefu kando ya ua wa kambi hushangaa kwa nini jirani mwenye eneo dogo la mraba amevuna mihindi iliyojaa. Katika mstari mmoja upepo huipeleka chavua pembeni ikapotea barabarani. Heri mistari mifupi minne au mitano iliyo sambamba, maana hapo unga unaoukosa mhindi mmoja huupata mwingine.

Karamu kabla ya posa

Kuna tofauti nyingine kati ya koo hizi mbili, nayo kwa maoni yetu ndiyo iliyoupa ukoo wa maua ushindi. Kila mbegu huhitaji akiba ya chakula ili mche uweze kuishi mpaka majani yake yapate jua. Swali ni lini mama huiandaa akiba hiyo.

Msonobari huiandaa mapema. Tishu yenye kumlisha mtoto huanza kujengwa ndani ya kijifuko kabla yai halijatungishwa, ni sawa na mzazi anayechinja ng'ombe kabla posa haijaletwa. Mume asipofika, gharama imekwisha kutumika, na kinachobaki mara nyingi ni mbegu tupu, yenye ganda zuri lakini haina kitu ndani.

Ua halifanyi hivyo. Mwaka 1898 mtaalamu wa mimea Sergei Navashin, aliyekuwa akifanya kazi Kyiv, alieleza jambo aliloliona kwa darubini katika maua ya jamii ya yungiyungi, na mwaka uliofuata Léon Guignard wa Ufaransa akaeleza vivyo hivyo. Mrija wa chavua hauleti chembe moja ya kiume bali mbili. Ya kwanza huungana na yai, ikawa mche mchanga. Ya pili huungana na chembe nyingine za kike zilizomo katika kijifuko hichohicho, na kutokana na muungano huo ndipo chakula cha mbegu huanza kutengenezwa. Yaani ng'ombe hachinjwi mpaka bwana arusi ameingia uani. Mmea wenye maua hauharibu mali kwa mbegu isiyo na mtoto.

Jambo hili haliko mbali nasi. Posho tuipikayo kila jioni, wali wa sikukuu na mkate wa ngano, sehemu yake kubwa ni ile akiba itokanayo na muungano wa pili. Binadamu amekuwa akila karamu ya arusi ya mimea kwa maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kujua kwamba kulikuwa na arusi mbili.

Saa ya msonobari

Sasa tumfikie afande na gunia lake. Msonobari mmoja hubeba koni za namna mbili. Zile dume ni ndogo, laini, zimekaa vishadavishada, na hudumu muda mfupi tu. Zikikomaa humwaga vumbi jingi la manjano hata maji ya dimbwi lililo karibu hupata utando. Kila chembe ya vumbi hilo ina vifuko viwili vya hewa vinavyoisaidia kuelea. Koni jike, ambazo huwa zaidi katika matawi ya juu, ndizo zile ngumu za mbao tunazozifahamu, lakini wakati wa kupokea chavua huwa ndogo na magamba yake huachana kidogo tu. Mdomoni mwa kila kijifuko hutokeza tone dogo la majimaji. Chavua ikinaswa na tone hilo huvutwa ndani, magamba hufumba, na kwa mtazamaji wa nje kazi imekwisha.

Kumbe haijaanza. Mrija wa chavua ya msonobari hukua polepole mno, na kwa misonobari mingi hupita kama mwaka mzima kati ya siku chavua ilipoingia na siku yai linapotungishwa. Linganisha na mhindi, unaomaliza safari hiyo kwa siku moja. Baada ya hapo mbegu huhitaji miezi mingine ya kukomaa, hivyo koni iliyo tayari kuchumwa ni zao la maua ya mwaka juzi au karibu na hapo. Kila gamba lenye rutuba hubeba mbegu mbili, na kila mbegu huwa na ubawa mwembamba. Koni ikikauka magamba hufunguka, upepo huzipeperusha mbegu, na koni tupu hubaki mtini au huanguka.

Afande ameokota koni hizo zilizoanguka. Ameokota nyumba baada ya wenyeji kuhama. Achumaye mbegu huchuma koni zikiwa bado juu ya mti na bado zimefumba, wakati rangi ya kijani inapoanza kugeuka hudhurungi, kisha huzianika juani juu ya turubai hadi zifunguke zenyewe. Na kabla ya kusia chochote, akate mbegu kumi au ishirini kwa wembe. Iliyo nzima ina nyama nyeupe iliyojaa. Iliyo tupu ina hewa.

Lakini hata angechuma vema, angepambana na kizuizi kingine. Paini iliyopandwa zaidi katika sehemu za chini zenye joto nchini Uganda, kama katika msitu wa Katugo wilayani Nakasongola, asili yake ni Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Huko kuna majira yanayotofautiana, na miti huchanua kwa pamoja katika ukavu. Karibu na mstari wa ikweta, penye unyevu na mvua za mara mbili kwa mwaka, mti huu hunawiri kwa mbao lakini mara nyingi huzaa mbegu chache zilizo nzima. Ndiyo maana mpango wa kuwasaidia wapanda miti ya mbao, ulioanza Uganda mwaka 2004 kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na Norway, ulitilia mkazo mbegu zilizochaguliwa, nyingi zikiagizwa kutoka Brazil na Australia. Mwenye kutaka kupanda paini ni afadhali anunue miche katika kitalu kinachotambuliwa na aulize mbegu zake zilitoka wapi.

Ekari mbili za kiinua mgongo

Tumefika mahali ambapo elimu hii hugusa mfuko. Afande anayestaafu na kununua ekari mbili huulizwa na jamaa zake apande nini, paini au kahawa. Watu hulinganisha bei, na bei hubadilika. Kuna jambo lingine la kulinganisha lisilobadilika: mwenye msonobari huuza mwili wa mti, na mwenye mbuni huuza uzazi wake.

Maana yake ni nini? Ukishapata mche mzuri wa paini, uzazi wa mti huo haukuhusu tena. Arusi ilikwisha kufungwa katika shamba la mbegu la ng'ambo. Koni zizae au zisizae, mbao zitakuwapo. Unachohitaji ni subira ya miaka mingi, kupogoa, kupunguza miti na kuzuia moto. Kuna kustaafu kunakoweza kungoja hivyo, na kuna watoto wenye karo za shule ambao hawawezi.

Mbuni wa robusta, ambao ni mti wa asili ya misitu yetu, huanza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu, lakini kila mwaka sharti arusi ifungwe upya. Maua yake meupe hufunguka kwa wingi kwa pamoja siku chache baada ya mvua iliyofuata ukavu, yakanukia shamba zima, na baada ya siku mbili hivi yamenyauka. Zaidi ya hayo, robusta haijioi. Chavua ya mti mmoja haiwezi kutungisha maua ya mti huohuo, wala ya mti mwingine uliotokana na kipande cha shina la mti huohuo, kwa maana hao ni mtu na pacha wake. Hapa ndipo baadhi ya wakulima hujitia hasara. Mtu huona jirani ana mbuni mmoja unaozaa kupita yote, akaomba vipandikizi vya mti huo tu, akajaza ekari nzima. Miti inamea vizuri, inachanua vizuri, na punje zinashika chache mno. Miche ya vipandikizi inayotolewa na watafiti wa kahawa wa Kituza, wilayani Mukono, hupewa mkulima ikiwa ya aina mbalimbali, nayo ipandwe imechanganyika ili kila mti uwe na mgeni karibu yake. Chavua huchukuliwa na upepo na nyuki pia, hivyo mizinga miwili pembeni mwa shamba huleta asali na kusaidia mavuno. Kahawa ya arabika ya milimani haina sharti hilo, maana hujitungisha yenyewe.

Msomaji atauliza, na ndizi za matoke je? Mgomba una maua, tena makubwa, lakini matoke hukua bila mbegu na bila chavua kuhitajika. Ukoo wake huendelezwa kwa machipukizi. Kwa hiyo katika shamba la migomba hakuna arusi ya kuhofia, japo kuna magonjwa, na miti isiyochanganya damu hushambuliwa yote kwa namna moja.

Wanaojifananisha

Kabla ya kuendelea ni vema kuonya juu ya miti miwili idanganyayo macho. Mvinje, unaopandwa sana pwani na siku hizi hata bara, una majani kama sindano na vitu vya mbao vinavyofanana kabisa na koni ndogo. Wengi huuita paini. Sivyo, ule ni mmea wa maua, na kile kidude ni kishada cha matunda madogo makavu. Kwa upande mwingine mti wa podo, ambao hupatikana kwa wingi katika misitu ya Sango Bay karibu na mpaka wa Tanzania, huonekana kana kwamba unazaa tunda la duara, na ndege hulila. Lakini podo ni wa ukoo wa koni. Kile kinachofanana na tunda ni mbegu moja iliyofunikwa na gamba lililonenepa. Podo ina miti dume na miti jike, kama mpapai unavyoweza kuwa, hivyo mti usiotoa mbegu hata mara moja huenda ni dume tu.

Mwanamume asiye na mke

Jamaa wa ajabu kuliko wote katika ukoo wa koni ni sikadi. Kwa mbali hufanana na mnazi mfupi: shina nene lenye magamba na majani marefu magumu yenye miiba. Katikati ya majani hutokeza koni kubwa, nyingine nzito hata kumshinda mtoto kubeba. Kila sikadi ni dume au ni jike, kamwe si vyote viwili. Zamani ilidhaniwa kwamba upepo ndio unaozichavusha kama ulivyo kwa msonobari. Siku hizi yajulikana kwamba kwa sikadi nyingi kazi hiyo hufanywa na wadudu, hasa aina za fukusi. Koni dume hupata joto na kutoa harufu, fukusi huja kula na kuzaliana humo, kisha huhamia kwenye koni jike wakiwa wamejaa unga. Na ndani ya mbegu hubaki kumbukumbu ya zama za kale zaidi: chembe ya kiume ya sikadi ina nywele ndogo ndogo na huogelea hadi kwenye yai, kama ilivyo kwa kangaga, jambo lililogunduliwa na Wajapani mwaka 1896.

Hatari ya kuwa na jinsia mbalimbali ilionekana katika msitu wa Ngoye, nchi ya Wazulu huko Afrika ya Kusini. Mwaka 1895 John Medley Wood alikuta huko kichaka kimoja cha sikadi ya aina isiyojulikana. Mashina yake yote yalikuwa dume. Mwaka 1916 shina la mwisho liling'olewa likapelekwa Pretoria, na tangu hapo haujapata kuonekana mwingine porini. Machipukizi ya yule wa kwanza yamegawanywa katika bustani nyingi za dunia, yana afya, yanatoa koni, na yote ni dume. Katika miaka ya 2020 watafiti wamerusha droni juu ya msitu huo wakitafuta jike. Halijapatikana.

Uganda nayo ina sikadi yake, ambayo kwa jina la wataalamu huitwa Encephalartos whitelockii. Makao yake ni bonde la maporomoko ya mto Mpanga, magharibi ya nchi, kabla mto huo haujaingia Ziwa George, na hupatikana hapo tu. Yamesimama hapo maelfu ya mashina, na tofauti na yule mseja wa Ngoye, dume na jike bado wapo pamoja kwenye mteremko mmoja. Hata hivyo imewekwa katika orodha ya mimea iliyo katika hatari kubwa mno ya kutoweka, kwa sababu ya moto unaowashwa kusafisha malisho, upanuzi wa mashamba, na ujenzi wa bwawa la umeme la megawati 18 uliokamilika katika bonde hilo mwaka 2011. Moto unaoua fukusi hauonekani kuwa umeharibu kitu, kwa kuwa mashina makubwa huchipua tena. Mbegu za mwaka huo ndizo zinazokosekana.

Familia zinazoishi karibu na bonde hilo, pamoja na zile zilizopandishiwa sikadi za mapambo mbele ya ofisi na nyumba, zijue pia kwamba mbegu zake zina sumu inayodhuru ini. Rangi yake huwavutia watoto. Wasiachwe kuzitafuna, wala mbuzi na mbwa wasiachiwe kuzila.